Mdudu wa ukutani mwenye palpi za panda: nimwandike kwa jina gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, sasa naishi Southampton, Uingereza. Tangu mwisho wa Agosti kuna mdudu anayekaa ukutani nje ya mlango wa jikoni, upande ule wenye mmea unaotambaa. Mwili wake mdogo, miguu mirefu mno, na akitulia huinyoosha yote kulia na kushoto. Nimempiga picha tatu. Programu ya simu kwa picha ya kwanza ilisema ni Pholcus, kwa ya pili Phalangium opilio, kwa ya tatu Dicranopalpus ramosus. Nishike lipi? Na je, ndiye yule tuliyekuwa tukimkuta chini ya magogo kule nyumbani? Watoto wangu wameambiwa na wenzao kwamba huyu ana sumu kali kuliko wadudu wote.

Jibu: Marahaba, dada. Kwa kifupi: shika lile la tatu, lakini nusu yake tu. Dicranopalpus, ambalo ni jina la jenasi (kundi la spishi za karibu), sawa, hapo natia sahihi. Hilo neno la pili, ramosus, ambalo ndilo la spishi yenyewe, mimi nisingeliandika kwa picha ulizonitumia. Sababu yake ni ndefu kidogo, na ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya jibu hili.

La watoto tulimalize mapema. Mnyama huyu hana sumu. Si kwamba anayo kidogo, au kwamba meno yake hayafiki kwenye ngozi ya mtu. Hana tezi za sumu kabisa, wala hana za kutengeneza utando. Mdomoni ana vibano viwili vidogo vya kumegea chakula, naye humeza vipande vyenyewe, tofauti na buibui ambaye hukiyeyusha kwanza kisha akakifyonza. Akikamatwa ana njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni harufu mbaya itokayo kwenye matundu mawili yaliyo ubavuni, karibu na miguu ya mbele. Ya pili ni kuuacha mguu mkononi mwa adui, ukiendelea kufurukuta wenyewe huku yeye akitokomea. Mguu huo hauoti tena. Basi waambie watoto wasimwogope, ila wasimshike miguu.

Picha ya kwanza sasa. Pholcus ni buibui halisi, na ndani ya nyumba za Uingereza ni wa kawaida sana: utamkuta kwenye pembe ya dari amening'inia kichwa chini katika utando wake. Miguu mirefu na myembamba ndiyo iliyoidanganya programu, na imewadanganya watu tangu zamani. Tazama mwili. Buibui ana kiuno. Sehemu ya mbele na fumbatio, yaani sehemu ya nyuma, vimetengana waziwazi. Wa kwako hana kiuno, ni punje moja ya kunde iliyootea miguu. Kuza picha utazame na macho: ni mawili tu, yamepanda juu ya kinundu kimoja katikati ya mgongo wa mbele, moja likitazama kulia na jingine kushoto. Kisha linganisha urefu wa miguu. Jozi ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, na ukimwona anatembea utagundua kwamba haitumii sana kwa kukanyagia; anaitanguliza akipapasa njia, maana macho yake hayamfikishi mbali. Kutokuwa na kiuno, kuwa na macho mawili kwenye kinundu, na jozi ya pili ya kupapasia: hayo yanatosha kumtoa kwenye buibui na kumweka katika oda ya Opiliones. Humu nitamwita opilioni.

Si jambo dogo hilo. Opilioni na buibui wote ni araknida, pamoja na nge, kupe na utitiri, lakini opilioni ana oda yake peke yake yenye spishi zaidi ya 6,600 zilizokwisha kupewa majina. Ni nani jirani yake wa karibu kati ya araknida wengine, wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaomweka karibu na nge. Linnaeus mwenyewe, mwasisi wa mfumo huu wa majina ya maneno mawili, alipoandika Phalangium opilio mwaka 1758, alimtia kwenye kundi la wadudu wasio na mabawa. Oda ya Opiliones ilikuja kupata jina lake mwaka 1833, kwa Msweden Carl Jakob Sundevall.

Ndani ya oda hiyo kuna nusuoda nne zenye spishi hai, na mpaka hapa bado unaweza kwenda kwa lenzi ya mkononi. Cyphophthalmi ni vidogo mno, vya milimita chache, utadhani utitiri. Laniatores wana mgongo uliogandana ukawa ngao, palpi (vijimikono viwili vya mbele) nene zenye miiba ya kukamatia mawindo, na makucha mawili au yaliyogawanyika kwenye miguu ya jozi ya tatu na ya nne. Dyspnoi palpi zao hazina ukucha wa maana nchani. Eupnoi wana ukucha mmoja mwishoni mwa palpi na mmoja kwenye kila mguu, na hao ndio hasa wenye miguu mirefu ya kushangaza tunaowaona ukutani. Wa kwako ni Eupnoi. Hapo sina shaka.

Jina la pili ambalo simu ilikupa, Phalangium opilio, nalo ni Eupnoi, kwa hiyo kosa hilo lina heshima kidogo. Ni mnyama wa mashambani na bustanini, ameenea Ulaya na Asia, na binadamu wamemfikisha Amerika Kaskazini na New Zealand. Dume lake halipotezi mtu: sehemu ya chini ya vibano vyake ina pembe inayosimama kwenda juu. Jike ndilo gumu, kwa kuwa halina pembe. Kwa jike tazama ukingo wa mbele wa mwili, juu kidogo ya vibano. Phalangium opilio ana vijino viwili vidogo hapo. Kwenye picha yako ya pili ukingo huo umefichwa na kivuli, na nadhani ndiyo maana programu iliamua kwa rangi na urefu wa miguu, vitu viwili visivyoaminika hata kidogo kwa wanyama hawa. Opilioni huyo huyo mmoja anaweza kuwa na rangi iliyofifia akiwa mchanga na yenye madoa makali akikomaa.

Picha ya tatu ndiyo iliyoniokoa, maana ulimpiga kwa mbele. Palpi ni ile jozi fupi iliyo kati ya vibano na miguu, mfano wa vijimikono viwili. Kwa maopilioni wengi ni fimbo zenye viungo tu. Za wako zina panda: kwenye kiungo cha goti kimechomoza kijitawi upande wa ndani, nacho kimerefuka hata kikakaribia kulingana na kiungo cha muundi kinachofuata. Ukitazama haraka utadhani kila palpi ina ncha mbili. Wapo maopilioni wengine wa Ulaya wenye kichomozo mahali hapo, lakini ni kifupi, kisiki tu. Panda yenye matawi yanayokaribia kulingana, kwa mnyama wa ukutani Uingereza, ni Dicranopalpus. Jenasi hiyo iliandikwa na Doleschall mwaka 1852 kutokana na mnyama wa milima ya Alps, na panda ndiyo alama yake.

Mkao nao unakubaliana. Miguu yote kunyooshwa pembeni, minne kulia na minne kushoto, imelala sambamba na ukuta, ndivyo Dicranopalpus anavyopumzika, na watu wengi wa Uingereza humtambua kwa hilo wakiwa mbali. Mimi mkao nauhesabu kuwa dalili. Ushahidi ni panda. Leiobunum, mwingine anayependa kuta za huko, huitandaza miguu kuzunguka pande zote, lakini siku ya baridi au akiwa pembeni ya fremu ya dirisha unaweza kumkuta amejibana kwa namna yoyote ile. (Ukikutana na Leiobunum, tazama kinundu cha macho: rotundum ana duara jeusi kuzunguka macho, blackwalli ana jeupe. Natamani spishi zote zingekuwa na adabu hiyo.)

Sasa neno la pili.

Dicranopalpus ramosus aliandikwa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1909, kutokana na sampuli za Moroko. Mwaka 1948 Mfaransa mwingine, Dresco, aliandika spishi nyingine ya jenasi hiyo, Dicranopalpus caudatus, ya Ulaya ya kusini-magharibi. Baadaye wataalamu waliona kwamba hao wawili ni mnyama mmoja, wakalifanya jina la Dresco kuwa kisawe cha la Simon, kwa sababu kanuni ya majina ya wanyama inalipa haki jina lililotangulia. Mambo yakatulia. Kwa miaka mingi, kila aliyeona palpi za panda ukutani mwa Ulaya ya magharibi aliandika ramosus bila kufikiri mara mbili, na hakuwa na sababu ya kufikiri.

Wakati huo huo mnyama alikuwa safarini. Uingereza alionekana mara ya kwanza Bournemouth mwaka 1957, ambako si mbali na hapo ulipo wewe. Akapanda kaskazini taratibu, na ilipofika mwaka 2000 alikuwa amefika Uskoti. Uholanzi alionekana mwaka 1993, kisha nchi nyingine za jirani. Anapenda vichaka visivyopukutisha majani na mimea inayotambaa ukutani, jambo linalowafanya wengi wakisie kwamba husafiri na miche ya bustani. Mmea wa ukuta wako ni nyumba yake halisi. Wakubwa huonekana kuanzia Agosti hadi majira ya baridi yanapoingia, na hilo nalo linaendana na tarehe zako.

Halafu mwaka 2015 wataalamu wawili, Hay Wijnhoven na Carlos Prieto, walirudia kulinganisha sampuli, wakaonyesha kwamba caudatus si kisawe cha ramosus. Ni spishi mbili, na Dresco alikuwa na haki yake. Tazama basi kilichotokea kwenye kumbukumbu: kila mahali palipoandikwa "ramosus" kabla ya mwaka huo, kwa picha au kwa kumwona tu, sasa panasomeka "mmoja wa wawili hawa", isipokuwa kama sampuli ilihifadhiwa na inaweza kutolewa kwenye chupa ikaangaliwa upya. Mnyama hakubadilika, wala ukuta haukubadilika. Kilichobadilika ni uzito wa jina.

Ndiyo maana sitii sahihi. Programu yako imefundishwa kwa maelfu ya picha ambazo watu waliziandika ramosus wakati jina hilo lilikuwa limewabeba wote wawili, kwa hiyo itakujibu ramosus kwa ujasiri mkubwa. Tofauti kati ya hao wawili ni ndogo. Zinataka mnyama mkomavu mkononi, lenzi nzuri au hadubini, na maelezo ya 2015 pembeni. Mtu aliyezoea anaweza kufikia jibu kwa picha kali za mnyama mkomavu zilizopigwa pande zote. Zako ni nzuri kwa jenasi, lakini ubavu wa fumbatio hauonekani kwenye hata moja. Kwenye daftari lako andika "Dicranopalpus ramosus au caudatus". Usione kwamba umeshindwa kumaliza kazi. Mimi naiona rekodi hiyo kuwa bora kuliko jina kamili lililotolewa kwa kubahatisha, kwa kuwa mtu wa baadaye anaweza kuitumia bila kudanganyika.

Ungeniuliza: hadubini inatazama nini hasa? Kwa maopilioni kwa jumla, mara nyingi hutazama via vya uzazi vya dume. Dume wa opilioni ana uume halisi, jambo lisilo la kawaida kwa araknida, na umbo la ncha yake hutofautiana spishi na spishi kuliko rangi au miiba. Kiungo hicho ni cha kale kuliko tunavyoweza kudhani. Huko Rhynie, Uskoti, kwenye mawe ya miaka milioni 410 hivi, walipatikana maopilioni wenye viungo vya uzazi vilivyohifadhiwa hata ndani ya mwili, na mtu anayewajua wa leo angewatambua mara moja. Wanyama hawa walikwisha kupata umbo lao kabla ya dinosaria kuwazwa.

Tuje Lushoto. Hapana, dada, yule wa chini ya magogo si huyu. Sihitaji hata picha kusema hivyo: jenasi ya Dicranopalpus haijulikani katika milima yetu ya Usambara. Ukikumbuka vizuri, yule wa nyumbani alikuwa mnene zaidi, mgongo mgumu, pengine wa kahawia iliyoiva au mwekundu mweusi, na miguu yake haikuwa ya kutisha kwa urefu. Kama ndivyo, ni Laniatores, na katika misitu yenye unyevunyevu ya Afrika Mashariki familia ya kwanza ya kufikiria ni Assamiidae. Kama alikuwa na miguu mirefu na mwili laini, basi ni Eupnoi wa kwetu, labda wa familia ya Phalangiidae, ambamo mna jenasi ya Rhampsinitus ya Afrika ambayo madume yake yana vibano vikubwa kupita kiasi.

Kutoka hapo kwenda kwenye spishi ni kazi nzito kuliko ya Uingereza, na sababu kubwa ina jina la mtu. Mjerumani Carl Friedrich Roewer, aliyezaliwa 1881 na kufariki 1963, aliandika peke yake spishi zaidi ya 2,000 za maopilioni kutoka duniani kote, nyingi akiwa mezani na chupa alizoletewa. Afrika yetu imo kwa wingi. Mfumo wake ulikuwa wa kuhesabu: pingili ngapi kwenye wayo wa kila mguu, miiba mingapi kwenye kila eneo la ngao ya mgongo. Hesabu ikitofautiana kwa moja, mara nyingi ilizaliwa jenasi mpya. Ubaya ni kwamba idadi ya pingili inaweza kutofautiana kati ya ndugu wa spishi moja, na wakati mwingine kati ya mguu wa kulia na wa kushoto wa mnyama yule yule. Matokeo yake tuna majenasi mengi yenye spishi moja moja, ambayo mtu akikaa kuyachunguza via vya uzazi huyaona yakiporomoka na kuunganishwa. Kwa Amerika Kusini kazi hiyo imekwenda mbali. Assamiidae wa Afrika bado wanasubiri watu wa kuifanya.

Namheshimu Roewer pamoja na yote hayo, maana sampuli zake zipo. Mkusanyiko wake uko kwenye makumbusho ya Senckenberg, Frankfurt, na mtu akitilia shaka jina anaweza kwenda kuitazama ile sampuli yenyewe iliyobeba jina. Sampuli isipokuwepo, jina linabaki maneno matupu. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro iliungua, na mkusanyiko mkubwa wa maopilioni ukateketea. Kwa spishi zilizoandikwa kwa sampuli zile, swali rahisi la "alikuwa yupi hasa?" sasa lina njia chache za kujibiwa.

Na usidhani kwetu yote yamekwisha kuonekana. Mwaka 1985 Mmarekani William Shear aliandika Marwe coarctata, Cyphophthalmi kutoka pango la mawe ya chokaa nchini Kenya, wa ajabu kiasi kwamba alihitaji jenasi yake mwenyewe. Ukiwa likizo Lushoto ukageuza gogo, piga picha kwa juu, kwa mbele ukizilenga palpi, na kwa ubavu, kisha rudisha gogo lilivyokuwa. Kuchukua wanyama kwa ajili ya utafiti ni jambo la vibali, COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) kwanza, na ndani ya hifadhi ya msitu kuna wenye mamlaka yao.

Kwa huyo wa Southampton fanya hivi. Subiri asubuhi ya baridi, akiwa mzito wa kukimbia, umfunike kwa glasi safi na kuteleza karatasi ngumu chini yake. Piga ubavu wa fumbatio, uso wa chini kupitia glasi, na palpi zote mbili kwa mbele. Weka rula kwenye fremu. Mwachie pale pale. Andika tarehe na mahali, kisha peleka kwa Spider and Harvestman Recording Scheme, mradi wa British Arachnological Society, ambao hupokea rekodi za watu wa kawaida. Waambie pia kuwa ulimwona kwenye mmea gani. Na ukimkuta amekufa chini ya ukuta huo mwezi Desemba, usimtupe: mtie kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70 au 80, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa penseli uitie ndani ya kichupa. Wino wa kalamu ya kawaida utayeyuka.